Anza na daftari, fremuweki itakusubiri

Leo naweka pembeni habari za kupogoa mibuni na kuondoa maotea ili nizungumzie jambo ambalo limeshafika hadi vijijini kwetu: mawakala wa akili mnemba. Vijana waliosoma kompyuta wananiuliza, maafisa ugani wapya wananiuliza, hata makarani wa AMCOS wameanza kuniuliza. Swali ni lile lile: "Nataka kuunda wakala wa kuwajibu wakulima wa kahawa. Nianze na fremuweki gani?"

Nasema bila kumung'unya maneno: swali hilo limeanzia mwisho. Anayeanza na fremuweki anaunda kitu kinachoongea vizuri kuhusu shamba kisilolijua. Gharama hailipi yeye. Anailipa mkulima wa Kibosho atakayenunua dawa asiyoihitaji, au mama atakayepeleka nyanya soko la Mbuyuni kabla dawa haijaisha makali, kwa sababu simu ilimwambia iko salama.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya mstari wa kwanza wa programu, lazima kuwe na daftari la maswali halisi ya wakulima wa eneo husika, pamoja na majibu yaliyohakikiwa na mtu anayejulikana kwa jina. Kama daftari hilo halipo, usiunde wakala. Mimi nina stashahada ya kilimo, sina shahada ya kompyuta. Lakini kujua kwamba mbegu mbovu haioti hata ukiimwagilia kwa mashine ya kisasa hakuhitaji shahada ya mashine.

Tuelewane kwanza: wakala ni nini?

Modeli ya lugha ni programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi sana ya dunia. Unaiandikia swali, inakuandikia jibu. Wakala ni programu inayoipa modeli hiyo zana na ruhusa ya kuchagua hatua. Zana inaweza kuwa kutafuta ndani ya nyaraka, kusoma utabiri wa hali ya hewa, kupiga hesabu au kutuma ujumbe. Modeli inasoma swali, inachagua zana, inasoma kilicholetwa na zana hiyo, kisha inaamua hatua inayofuata. Mzunguko huo unaendelea mpaka ione kazi imekwisha.

Fremuweki ni maelekezo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa na wengine ili kukuunganishia vitu hivyo: modeli, zana, kumbukumbu na mzunguko. LangChain ilitoka Oktoba 2022. Leo kuna pia LangGraph, LlamaIndex, CrewAI, AutoGen ya Microsoft na nyingine nyingi. Nyingi unaweza kuzipakua bure, na nyingi zinatumika kupitia lugha ya Python. Sina ugomvi nazo. Ni vifaa, kama bomba la kupulizia lilivyo kifaa.

Wenzangu wa Moshi mjini watanielewa nikisema hivi: fremuweki ni kama fremu ya duka. Unaweza kukodi fremu nzuri barabarani, yenye vioo na taa, lakini kama huna bidhaa unalipa kodi ya bure. Mteja ataingia, atasifu taa, ataondoka. Na mbaya zaidi ni pale mwenye fremu anapoona aibu kusema "bidhaa sina", akaanza kuuza chochote kilicho karibu. Hivyo ndivyo anavyofanya wakala asiye na maarifa ya eneo. Hasemi sijui. Anajaza pengo.

Swali moja la kahawa linatosha kuonyesha

Mama mmoja anauliza: "Bwana shamba, buni zangu zinapata weusi na kudondoka. Nipige dawa gani?"

Wakala aliyeundwa kwa dakika kumi, kama wanavyotangaza kwenye semina, ana kila sababu ya kumjibu haraka kwamba huo ni ukungu na apulizie dawa ya kopa. Jibu linasomeka vizuri, limepangwa kwa namba, lina salamu mwanzoni na pole mwishoni.

Afisa ugani anayeijua kazi yake hajibu kwanza. Anauliza. "Mama, mibuni yako ni ile ya zamani, N39 au KP423, au ni chotara za TaCRI?" Swali hilo peke yake linabadilisha kila kitu. Chotara zinazotoka kwenye kituo cha utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wilaya ya Hai, zilizalishwa ili zikinzane na chulebuni na kutu ya majani. Mkulima mwenye chotara anayenunua dawa ya ukungu kwa ajili ya chulebuni anatupa hela, na tatizo lake halisi linabaki pale pale.

Kisha anauliza: "Shamba liko juu au chini?" Chulebuni inashamiri zaidi ukanda wa juu wenye baridi na unyevu. Kutu ya majani inasumbua zaidi ukanda wa chini wenye joto. Anauliza tena: "Buni zina baka lililobonyea, au zina kitundu kidogo kwenye ncha?" Baka lililobonyea kwenye buni mbichi linaelekeza kwenye chulebuni. Kitundu kwenye ncha kinaelekeza kwa ruhuka, ambaye ni mdudu, na dawa ya ukungu haimfanyi lolote. Mwisho anauliza umebaki muda gani kabla ya kuchuma, na mara ya mwisho ulipulizia nini.

Maswali manne au matano, na jibu linaweza kuishia kwenye "usinunue dawa yoyote, nakuja kuangalia".

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa semina hawalisemi. Chulebuni hadi leo ni ugonjwa wa Afrika. Brazil hawana, Colombia hawana, Vietnam hawana. Na hizo ndizo nchi zinazozalisha sehemu kubwa ya kahawa ya dunia, kwa hiyo maandishi mengi kuhusu kahawa yanahusu mashamba ambayo ugonjwa huu haujawahi kufika. Modeli imesoma maandishi hayo. Unapoiuliza kuhusu buni nyeusi za Uru au Machame, unauliza mtu aliyesoma sana habari za mashamba ya kwingine. Si mjinga, ila hajawahi kukanyaga kihamba.

Kihamba chenyewe ni somo lingine. Modeli ikisikia "shamba la kahawa" inaelekea kuwaza kahawa peke yake kwenye mistari iliyonyooka. Kwetu mbuni uko chini ya mgomba, pembeni kuna magimbi, ng'ombe yuko bandani mita chache, na maji ya mfongo yanapita kwa zamu. Ushauri wa mbolea, wa kivuli na hata wa dawa hubadilika. Ukipuliza mbuni, unapuliza na majani ya mgomba utakayomlisha ng'ombe kesho.

Na majina? Mkulima wa nyanya hasemi *Tuta absoluta*. Anasema kantangaze, jina ambalo wakulima wenyewe walimpa mdudu yule baada ya kuingia nchini na kuwamaliza. Kama daftari lako halina neno kantangaze na maelezo yake, usitegemee fremuweki yoyote ikuwekee.

"Lakini modeli za siku hizi zina akili sana"

Hii ndiyo hoja ya kwanza ninayopewa. Nakubali zina uwezo mkubwa na zinaongezeka uwezo. Zinaandika Kiswahili kizuri kuliko barua nyingi za ofisini. Tatizo ni kwamba wakala hafanyi hatua moja. Anafanya hatua kadhaa, na makosa yanapandana.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kila hatua inakuwa sahihi mara 95 katika 100, jambo ambalo wengi wetu tungelisifu. Wakala wa hatua 5 atafika salama mara 77 hivi katika 100. Wakala wa hatua 10 atafika salama mara 60 tu. Yaani katika wakulima kumi, wanne wanapewa kitu chenye kosa mahali fulani, na kimeandikwa kwa lugha ile ile ya kujiamini kama cha wale sita. Mkulima hawezi kutofautisha. Ndiyo maana hatua zinatakiwa ziwe chache na kila moja iwe na mahali pa kukaguliwa.

Tena kosa haliji lazima kwa zana kuwa mbovu. Chukua bei ya kahawa. Mnada wa kahawa uko hapa hapa Moshi, chini ya Bodi ya Kahawa. Kijana anamuunganisha wakala wake na taarifa za mnada, na wakala anasoma namba kwa usahihi kabisa. Lakini bei ya mnada imezoeleka kutajwa kwa dola kwa mfuko wa kilo 50 wa kahawa safi iliyokobolewa. Mkulima ana kahawa ya maganda, anauza kwa kilo, kwa shilingi. Ukikoboa kilo 100 za maganda unapata kama kilo 80 za kahawa safi. Bado hujaondoa gharama za kukoboa, usafiri na makato ya chama. Wakala asiyefundishwa hayo atagawanya kwa 50, atazidisha kwa bei ya dola, atampa mkulima namba kubwa ya kupendeza. Kesho yake mkulima anakwenda kumgombeza karani wa AMCOS kuwa amemwibia. Namba ilikuwa sahihi, na ugomvi umeletwa na wakala.

"Tukisubiri madaftari tutaachwa nyuma"

Hoja ya pili. Nasema kinyume chake ndicho kweli. Fremuweki zinabadilika haraka mno. Maelekezo uliyoandika kwa toleo la mwaka jana huenda yakakataa kufanya kazi kwenye toleo la mwaka huu, na ukalazimika kuandika upya. Lakini maelezo uliyoandika vizuri kuhusu jinsi ya kutofautisha chulebuni na ruhuka, pamoja na picha na tarehe, yatafaa kwenye fremuweki ya leo, ya kesho na hata siku utakapoamua kuchapisha kwenye karatasi tu. Ukiwekeza kwenye daftari huachwi na mtu.

Angalia wenzetu waliofanya jambo likasimama. Nuru, ile programu ya simu ya PlantVillage ya kutambua magonjwa ya mihogo, si wakala, lakini ina somo. Watafiti wa IITA na wa Chuo Kikuu cha Penn State walianza kwa kupiga picha za majani ya mihogo mashambani, pamoja na mashamba ya Bagamoyo hapa kwetu, na wataalamu wakataja kila jani lina ugonjwa gani. Modeli ilikuja baada ya hapo. Ndiyo maana inaweza kufanya kazi kwenye simu bila intaneti, kwa kazi chache inazozijua.

Malawi wana Ulangizi, mfumo wa shirika la Opportunity International unaojibu wakulima kwa Kichewa. Umejengwa juu ya mwongozo wa kilimo wa wizara yao. Na wakulima wengi hawautumii peke yao: kuna mtu wa kijijini mwenye simu janja anayekaa na kikundi, anauliza kwa niaba yao na kuwasomea majibu. Farmer.Chat ya Digital Green, inayotumika Kenya na kwingine, nayo inatafuta kwanza kwenye hazina ya nyaraka zilizokusanywa kabla ya kujibu. Kwa wote hawa, msingi ni maarifa yaliyokusanywa, si fremuweki.

"Maafisa ugani hawatoshi, wakala atajaza pengo"

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inakuja ikiwa imevaa nguo za huruma. Ni kweli hatutoshi. Afisa mmoja anaweza kuwa na kata nzima, kutoka migombani hadi tambarare. Lakini angalia serikali ilipotaka kutuongezea uwezo mwaka 2022 ilitupa nini: pikipiki, na vifaa vya kupima afya ya udongo. Kwa nini pikipiki? Kwa sababu mmea unatakiwa uonwe, na udongo unatakiwa ushikwe.

Wakala mzuri anatakiwa kujua wakati wa kusema, "hapa naishia, nampa afisa". Sasa kama afisa hayupo, anampa nani? Wakala asiye na mtu nyuma yake ni simu inayoita kwenye ofisi iliyofungwa. Nataka wakala anipunguzie maswali ya kurudiarudia, ili ile siku ninayopanda Kirua niwe na muda wa kukaa kwenye shamba lenye tatizo gumu. Huko ndiko kusaidiana. Kuniondoa shambani kisha kuita hayo ni maendeleo, hilo nalikataa.

Na kuna suala la uwajibikaji. Mimi nikimshauri mkulima vibaya, ana pa kunipeleka: kwa mtendaji, kwa mkuu wa idara wilayani. Jina langu liko kwenye kitabu cha wageni na sahihi yangu ipo. Wakala akishauri vibaya, mkulima anampeleka wapi?

Basi anza hivi

Sijaandika haya ili mkate tamaa. Nataka muunde, tena maafisa ugani wenyewe muwe mstari wa mbele, msisubiri kuletewa. Fuata mpangilio huu.

1. Chagua kazi moja ndogo. "Kilimo cha Kilimanjaro" si kazi moja. "Kutambua matatizo ya buni kwa wakulima wa ukanda wa kati katika kata yangu" ni kazi. Ukishindwa kuieleza kwa sentensi moja, bado hujachagua.

2. Kusanya maswali 100 halisi. Yaandike kama mkulima alivyoyasema, na maneno yake, hata kama amechanganya Kichagga. Usiyasafishe. Usiandike jina wala namba ya simu ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, shida ya shamba la mtu si ya kutupwa kwenye seva za watu usiowajua.

3. Andika majibu yenye chanzo na tarehe. Kwa kahawa, anzia kwenye machapisho ya TaCRI. Kwa viuatilifu, tumia vile vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na maelezo ya lebo. Kila jibu liwe na jina la aliyelihakiki. Swali lisilo na jibu moja liandikie maswali ya kumuuliza mkulima kwanza, kama yale ya aina ya mbuni na mwinuko.

4. Tenga maswali 30 yawe mtihani. Usiyatumie kumfundisha wala kumrekebisha wakala. Kila ukibadilisha kitu, mpe mtihani huo na umsahihishe kwa kalamu. Asiyepimwa hajulikani kama amefaulu.

5. Jaribu bila wakala kwanza. Weka majibu yako mahali ambapo mtu anaweza kutafuta kwa neno. Au andika programu ya kawaida inayouliza swali la kwanza, la pili, la tatu, kisha inatoa jibu lililoandikwa. Kazi nyingi zinaishia hapa na hazihitaji modeli kuchagua hatua. Kama hatua unazijua tayari, kwa nini umlipe mwingine azikisie?

6. Ukihitaji wakala, andika mzunguko mwenyewe kwa Python mara moja. Mzunguko wa msingi ni mfupi: tuma swali kwa modeli, angalia kama inaomba zana, endesha zana, rudisha matokeo, rudia. Ukishauelewa, sasa chagua fremuweki yoyote inayokupunguzia kazi. Utajua inakufanyia nini, na ikiharibika utajua pa kuangalia. Andika namba ya toleo unalotumia na usilibadilishe hovyo katikati ya msimu.

7. Mpe zana chache za kusoma. Kutafuta kwenye daftari lako, kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kumpelekea afisa swali. Basi. Usimpe zana ya kutuma ujumbe kwa wakulima wote, ya kuagiza pembejeo wala ya kulipa.

8. Weka mipaka kama ya wakala wa pesa. Wakala wa M-Pesa tunamwamini kwa sababu ana mipaka. Hawezi kutoa zaidi ya salio lake, kila muamala unabaki kwenye kumbukumbu, na namba yako ya siri haimhusu. Wakala wa akili mnemba naye awe hivyo. Asizidi hatua 5 kwa swali moja. Kila hatua iandikwe kwenye kumbukumbu unayoweza kuisoma. Kipimo cha dawa na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna vinakiliwe kutoka kwenye lebo neno kwa neno, visitungwe kamwe. Asipopata chanzo, aseme "sijui, nampa afisa", na kusema hivyo kuhesabiwe kama jibu sahihi.

9. Hesabu gharama mapema. Modeli nyingi za mtandaoni zinatoza kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa ujumbe ule ule, kwa hiyo tunalipa zaidi. Na kila mzunguko wa wakala kwa kawaida hutuma tena mazungumzo yote ya nyuma, kwa hiyo hatua ya tano ni ghali kuliko ya kwanza. Pima maswali 20, zidisha kwa wakulima ulionao, kisha jiulize nani atalipa mwakani mradi ukiisha.

10. Mtumiaji wa kwanza awe afisa, asiwe mkulima. Wakulima wetu wengi, hasa wazee ambao ndio wenye kahawa, wana kitochi. Anza na maafisa ugani, wakulima viongozi wa mashamba darasa na makarani wa AMCOS. Hao wana uwezo wa kusema "hapa umekosea" kabla kosa halijafika kwenye bomba. Wakishaliamini kwa msimu mzima, ndipo ufikirie kumpa mkulima moja kwa moja.

Maswali ya kumuuliza anayekuletea wakala kijijini

Wengi wenu hamtaunda chochote, mtaletewa. Watakuja na fulana, bango na chakula cha mchana. Kabla mwenyekiti hajapiga muhuri, simameni muulize haya manne.

Majibu yake yametoka kwenye chanzo gani, na nani wa hapa Kilimanjaro ameyahakiki? Akishindwa, swali langu linakwenda kwa nani, na huyo mtu yuko wapi leo? Maswali na picha zetu zinahifadhiwa wapi, na nani mwingine anaziona? Na mradi ukiisha, tunabaki na nini mikononi?

Akijibu yote, mkaribisheni na mumsaidie, huyo ni mwenzetu. Akianza kuwaeleza uzuri wa fremuweki yake, mwambieni arudi akiwa na daftari.

Kwa maafisa ugani wenzangu nasema hivi. Kila siku tunaulizwa maswali kwenye pikipiki, kanisani, msikitini, sokoni Kiboriloni, na tunayajibu kwa mdomo yanapotea na upepo. Mzee aliyestaafu anaondoka na maarifa ya miaka thelathini ya kata yake, na anayempokea anaanza sifuri. Hasara hiyo ilikuwepo kabla ya akili mnemba, na hakuna modeli itakayoiziba kama sisi wenyewe hatuandiki. Nunua kauntabuku leo. Piga mistari sita: tarehe, kijiji na mwinuko, aina ya mbegu, swali kwa maneno ya mkulima, ushauri, matokeo baada ya wiki tatu. Hiyo safu ya mwisho msiiruke, maana ndiyo inayosema kama tulichoshauri kilifanya kazi.

Mkifikisha maswali mia, tuonane. Hapo tutazungumza fremuweki.